Baba hasikii tena fidla, na sisi tunachanga ili apigiwe

Shikamoo Shangazi,

Naandika haya saa saba usiku, nimekaa ukumbini kwa wazee wangu, Ng'ambo ya mjini Unguja, wenzangu wote wamelala. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina mume na watoto wawili. Nina nyumba yangu, lakini kila Alhamisi narudi hapa, na hiyo Alhamisi ndiyo inayoniliza.

Kwetu ni nyumba ya muziki. Babu yangu alikuwa na redio ya mbao, na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alikuwa akiitafuta Cairo mpaka aipate, ili amsikilize Umm Kulthum. Baba anasema alikuwa mtoto mdogo, akilala mkekani chini ya meza ya redio, na usingizi wake wa utotoni ulikuwa na fidla ndani yake. Umm Kulthum alipofariki 1975 babu alikuwa keshatangulia. Baba akaendelea na Alhamisi ila akabadilisha mwimbaji. Akamchagua mtu wa hapa hapa Unguja, anayepiga fidla na kuimba mwenyewe. Jina lake sitalitaja, maana visiwa hivi vidogo. Sisi tunamwita Ustadhi.

Kila mmoja wetu ana kazi yake siku hiyo. Mama hupika kahawa na kuleta kashata. Kaka mkubwa hupiga ukingo wa meza kama dumbaki. Kaka wa pili yuko Muscat, na saa tatu ikifika hupiga simu ya video, tukamweka kwenye kochi kama mgeni. Mdogo wetu wa mwisho anazijua beti zote. Mimi tangu zamani ni mtu wa mashine: nilianza na kanda, nikizirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, na sasa ni simu yangu na spika ndogo. Na Baba ndiye mwalimu. Alitufunza hivi: "Musisikilize maneno tu, sikilizeni jibu." Jibu ni pale Ustadhi anapomaliza mshororo, akanyamaza, na fidla yake ikayarudia yale maneno bila maneno. Shangazi, mimi nililijua jibu kabla sijajua kusoma. Likifika, Baba hufumba macho na kidole chake cha shahada hupanda na kushuka juu ya goti, kama chenyewe ndicho kinachopiga.

Wiki sita zilizopita nilibaki naye peke yetu. Mama alikuwa jikoni, kaka ametoka kuzungumza na simu, mdogo wetu yuko kwa fundi wa nguo. Katikati ya ubeti wa pili spika ikaishiwa chaji. Nikainama kutafuta waya chini ya mto. Nilipoinua kichwa nimuombe radhi, nilimkuta Baba macho kafumba, kidole kinapanda na kushuka, akasema, "Aah! Umemsikia alivyoteleza hapo?"

Ukumbi ulikuwa kimya. Nilikuwa nasikia feni ya jirani.

Nikamgusa goti. Akafumbua macho, akaitazama ile taa ya spika, imezima. Tukatazamana. Kisha akaniambia taratibu, "Fidla imeniondokea mwaka wa pili huu. Sauti ya mtu naisikia, lakini kama aliyeingia mtungini. Nyingine naipiga mwenyewe humu," akajishika kifua. Nikamwambia twende hospitali. Akasema ni sikio la mzee, na kwamba miaka 31 ya karakana ya mashine za boti haimwachi mtu salama. Halafu akanishika mkono: "Usiwaambie wenzio. Wakijua, hawatapiga tena. Watakuja kunitazama tu."

Nikamuahidi.

Sasa mdogo wetu anaolewa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na amesema zawadi anayoitaka ni moja tu: Ustadhi na kikundi chake waje wapige usiku wa harusi, Baba amsikie kwa masikio yake siku ya bintiye. Kaka amefungua mchango kwenye kundi letu la WhatsApp. Zinatakiwa shilingi milioni tatu na nusu, na zimeshafika milioni mbili na laki moja. Kaka wa Muscat ameahirisha likizo yake ili pesa ya tiketi iingie humo. Mama ameuza bangili. Mimi sijatoa hata senti, na nimeanza kuonekana bahili.

Shangazi, nivunje ahadi ya baba yangu? Ninyamaze, tumwage pesa yote hiyo kwa ajili ya fidla asiyoisikia, huku nikimtazama akitabasamu kutuonea huruma? Au niwashawishi wenzangu pesa iende kwenye kifaa cha kusikia, bila kusema kwa nini? Kila njia naiona ina mwiba.

Binti wa Alhamisi,
Unguja


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliishia pale kwenye taa ya spika. Pole. Umebebeshwa siri na mtu unayempenda, na siri yenyewe inaonekana kama inawadhulumu wengine unaowapenda. Tena umebebeshwa wewe, mtu wa mashine, ambaye kazi yako miaka yote hiyo imekuwa kuhakikisha Baba anasikia. Ndiyo maana inakuuma hivyo.

Nikikuelewa vizuri, mambo ni haya. Baba amepoteza usikivu na hataki watu wajue, kwa sababu anaogopa Alhamisi itageuka kuwa zamu ya kumuuguza. Nyinyi watoto mnachanga pesa nyingi kwa ajili ya sikio ambalo wewe unaamini limekwisha. Na wewe umesimama katikati, huchangi, husemi.

Naomba nianze na hilo la sikio lililokwisha. Umelipokea kama jambo lenye uhakika, na alilokuambia Baba ni hukumu aliyojipitishia mwenyewe bila kupimwa. Sikio linalochakazwa na umri na makelele ya mashine kwa kawaida huanza kupoteza sauti nyembamba. Nene hubaki. Ndiyo maana anasikia mtu kama aliye mtungini: sauti ipo, makali yake hayapo. Fidla nayo haina sauti moja. Kamba yake nene, ikipigwa wazi, hutetema mara 196 kwa sekunde, na ile nyembamba mara 659, kabla kidole hakijaigusa. Vidole vikipanda shingoni idadi hiyo inavuka elfu mbili, na ule mng'aro unaoifanya fidla iitwe fidla uko juu zaidi. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba Baba amepoteza nusu ya juu ya fidla, na nusu ya chini angali nayo.

Halafu fikiria anasikiliza kwa kutumia nini. Spika ndogo ya mezani haina nguvu kwenye sauti nene, inatoa zaidi zile za juu. Sikio la Baba linashika za chini. Kati ya spika isiyotoa chini na sikio lisiloshika juu, unadhani kinabaki nini cha kusikia? Sisemi kwamba fidla halisi ikiwa hatua mbili mbele yake ataisikia kama zamani. Sijui, wala wewe hujui. Ila usiihukumu harusi kwa ushahidi wa spika.

Jambo la pili umelisema kwa haraka ukalipita. Ulimkuta Baba yuko ndani ya muziki kwenye chumba kilicho kimya, na wewe ukaona msiba. Nami naona msiba, sikufichi. Lakini mtoto aliyelala chini ya redio ya baba yake, akakua, akasikiliza mtu mmoja Alhamisi kwa Alhamisi kwa miongo, huyo ana muziki ambao chaji yake haiishi. Alikuambia wazi, "Naipiga mwenyewe humu." Yumkini hakuwa akiigiza ili kuwafurahisha nyinyi. Yumkini yeye anaendelea kusikiliza, na kinachomtia hofu ni kukosa watu wa kusikiliza nao. Rudi kwenye maneno yake. Hakusema, "Wakijua watasikitika." Alisema, "Hawatapiga tena."

Na je, una hakika ni wewe peke yako unayejua? Mwanamke aliyelala na mtu kitanda kimoja miaka yote hiyo, anayemwita kula na kumuamsha alfajiri, hana habari kwamba mumewe hasikii? Huenda mama yako naye ameahidishwa. Huenda hakuambiwa kitu, akajua, akanyamaza, na bangili ameiuza akijua. Sina namna ya kulithibitisha hilo nikiwa hapa, lakini ningekuwa wewe nisingeendelea kumhesabu kama mtu anayedanganywa mpaka niwe nimemtazama vizuri.

Sasa njia zako. Nitazisema kama ninavyoziona, na miiba yake.

Ukivunja ahadi ukawaambia ndugu zako, utapumua. Aibu ya ubahili itakuondoka siku hiyo hiyo. Lakini Baba atakuwa amenyang'anywa mambo mawili, usikivu na neno lake, na hili la pili amelinyang'anywa na wewe. Watu wazima wengi wenye tatizo hili hujitenga, kwa sababu kila mazungumzo yanakuwa kazi na kila kicheko kinawapita. Huyu wako bado yupo ukumbini, na Alhamisi ndiyo kamba inayomshika. Akihisi amegeuzwa mgonjwa kwenye kikao chake mwenyewe, anaweza kuiachia.

Ukinyamaza mpaka harusi ipite, umetimiza ahadi, ila kuna hatari ambayo hukuitaja. Harusi zetu siku hizi ni maspika marefu kama milango. Kelele ya namna hiyo kwa sikio lililochakaa si muziki, ni vurugu, na inaweza kuliumiza zaidi. Baba atakaa kiti cha mbele kwa heshima, apigwe na ngurumo usiku kucha, atabasamu. Hicho ndicho kitu ambacho mimi kingenisumbua kuliko pesa.

Ukiwashawishi wageuze mchango uwe wa kifaa cha kusikia bila kueleza sababu, watakuuliza kwa nini, nawe utajibu nini? Utaanza kutunga. Na hata mkikipata, msikitarajie kirudishe 1985. Vifaa hivi hutengenezwa kwanza kwa ajili ya maneno ya watu, muziki huja baadaye. Marehemu mume wangu alivaa chake wiki ya kwanza akaniambia vijiko vya jikoni vinampigia kelele kichwani. Ilimchukua wiki nyingi kuzoea, na fundi akarekebisha mara kadhaa. Vingi vya siku hizi vinaweza kuwekewa mpangilio maalumu wa kusikilizia muziki, lakini lazima mtu aulizie, na lazima mvaaji mwenyewe akubali. Kifaa alichonunuliwa mtu kwa nguvu huishia kwenye droo.

Hospitali nayo isiondoke midomoni mwako kwa sababu Baba alikataa mara moja. Alikukatalia usiku ule ule alioumbuka, na mtu akiumbuka hakubali kitu. Mrudie mchana, polepole. Mwambie si lazima atibiwe, apimwe tu ajue kilichobaki ni kiasi gani. Wakati mwingine nta iliyoganda au maji nyuma ya ngoma ya sikio huongeza uzito juu ya tatizo la umri, na hayo yana dawa. Mwambie pia hayuko peke yake: Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa usikivu unaowatatiza maishani. Na hili ulishike wewe mwenyewe: ikitokea siku sikio moja limeziba ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usisubiri Alhamisi, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kuna njia nyingine, nayo ni kurudi kwa mwenye siri. Ahadi uliyotoa ulimpa Baba, kwa hiyo ni Baba anayeweza kukufungua. Je, anajua kwamba Mama ameuza bangili? Anajua likizo ya Muscat imeahirishwa kwa ajili ya sikio lake? Alipokufunga mdomo hayo yalikuwa hayajatokea, au hakuyajua. Unaweza kumweka wazi bila kumsukuma: "Baba, mambo yamefika hapa. Nifanye nini?" Anaweza kusema, nyamaza, waache wafurahi. Basi utajua kwamba ni uamuzi wake akiwa na macho mawili, nawe utatoa mchango wako bila kinyongo. Anaweza kusema, nitawaambia mwenyewe. Anaweza kukasirika. Hatari hiyo ipo, na baba wa Kiunguja wa umri wake akikasirika unaweza kumaliza mwezi hujaongeleshwa.

Hata bila kugusa siri, una haki ya kuzungumza na bibi harusi kuhusu namna ya shughuli yenyewe. Mdogo wako alisema anataka Baba amsikie Ustadhi. Hakusema anataka kuta zitikisike. Muulize angeonaje kama jioni moja kabla ya harusi Ustadhi angekuja nyumbani na watu wawili watatu, fidla, udi na dumbaki, wakae ukumbini bila maspika, Baba kwenye kiti chake. Taarabu ililetwa mjini kwetu kwa ajili ya kusikilizwa kwenye kumbi za namna hiyo, tangu Sultani Barghash alipomtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza. Ilikuwa ni watu kukaa na kusikiliza. Huenda gharama ikashuka, huenda isishuke, mafundi wana bei zao. Na bibi harusi anaweza kuwa ana ndoto ya ukumbi mkubwa na sare za shangazi zake, mambo ya kutunza na vigelegele, na hilo ni lake, ni siku yake. Ila muulize.

Kabla ya yote hayo, nina wazo dogo la Alhamisi inayokuja, ulipime mwenyewe. Hapo mjini kwenu kuna Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanza 2002, ambako vijana wanajifunza fidla, udi na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Mtafute mwanafunzi mmoja wa fidla, au kijana yeyote wa mtaani anayepiga. Mpe nauli na kikombe cha kahawa cha mama yako, aje awapigie nyimbo mbili za Ustadhi. Kwa wenzako sema spika imeharibika, au usiseme kitu, kwa nyumba kama yenu mgeni mwenye fidla hahitaji sababu. Mkalishe karibu na Baba, hatua mbili tu. Mnong'oneze aanzie kwenye kamba nene, chini kabisa, taratibu, aache kimya kidogo kabla ya kila jibu, tena asikiheshimu kimya hicho kila mara: pengine akirefushe, pengine akifupishe, ili asifanane na kanda ambayo Baba ameihifadhi kifuani.

Kisha mwache kijana apige, wewe usimtazame. Tazama kidole cha Baba pale gotini, uone kama kinautangulia upinde au kinaufuata.